Sema Upande Gani

Pap Onditi,
3 Juni 2024

Kwa Fundi Wamaitha,
Karakana ya Njuguna, Mamboleo.

Salamu. Mimi ni Zachariah Okello, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, miaka themanini na sita. Gari litakaloletwa kwako Alhamisi juu ya lori ni langu. Ni jeupe, la mwaka 1966, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Zamani watoto wa Kisumu waliliita Opuk, yaani kobe, kwa sababu lilikuwa linaingiza kichwa. Limekaa bandani kwangu miaka thelathini na sita.

Tafuta kutu, uitibu. Anza upande wa kulia. Wa kushoto usiuguse mpaka nikwambie. Kila unachokiona uniandikie kwenye karatasi. Agneta, anayeniuguza, huja soko la Kisumu kila wiki, atachukua. Usinipigie simu. Koo langu lina uvimbe na sauti imebaki ya kunong'ona, na simu ya nyumbani huipokea mwanangu Frankline. Mambo ya gari hili hayamhusu.

Nimekuchagua kwa sababu Agneta aliona kibao chako barabarani. Hakuna sababu nyingine.

Wako,
Z. Okello

•

Mamboleo,
8 Juni 2024

Mwalimu,

Salamu. Gari limefika. Nianze na ukweli: masharti yako yamenitia wasiwasi. Mtu akiniambia "hapa usiguse," mimi hujiuliza amezika nini. Fabian, mchomeleaji wangu, ameshasema kuna bangi ndani. Nimemwambia bangi ya miaka thelathini na sita hata panya haivuti.

Nilichokiona ni hiki. Gari la kawaida hushikwa na paa lake. Lako halina paa la chuma, kwa hiyo linashikwa na mihimili miwili tu, ile ya bati iliyo mitupu ndani, mmoja chini ya kila mlango. Hiyo ikioza, gari linakunjika katikati kama kitabu. Mvua inashuka kwenye mkunjo wa turubai, inaingia nyuma ya viti, inatafuta tundu la kutokea. Matundu yako yamezibwa na majani na viota vya nyigu. Sakafu ya nyuma imeliwa. Nimepitisha mkono nikasalimiana na ardhi.

Halafu nikagonga mhimili wa kulia kwa mpini wa bisibisi, shubiri kwa shubiri. Bati zima hulia, bati bovu hunyamaza. Wa kulia unalia kama kengele. Katika gari lililooza hivi, jambo hilo si la kawaida.

Wa kushoto sijaugusa. Ila nilikuwa na sumaku mkononi, nimeifunga kitambaa, na katika kupita ikakaribia pale chini ya mlango. Ikaanguka chini. Sumaku haishiki fila, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bati, Mwalimu. Pale hakuna bati, kuna fila na rangi. Ulijua?

Wamaitha Njuguna

•

Pap Onditi,
12 Juni 2024

Fundi,

Nakurudishia barua yako. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Unisamehe, mkono una mazoea yake. Unaandika vizuri kuliko wengi niliowafundisha.

Sikukwambia upitishe sumaku kushoto. Usiniambie kwamba sumaku ilijipitisha yenyewe.

Na mimi nikuulize: umetumwa na Frankline? Kwa miaka mitano amekuwa akitaka kuliuza gari hili kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Kisian. Mtu akitaka kuuza kitu, kwanza hutafuta fundi wa kusema kimekufa. Ikiwa ndivyo, mwambie baba yake bado anajua kusoma.

Ikiwa sivyo, kata tundu dogo mwisho wa mhimili wa kulia, nyuma, ingiza taa, kisha uniambie unaona nini. Usifiche.

Z. Okello

•

Mamboleo,
19 Juni 2024

Mwalimu,

Sikutumwa na mtu. Frankline wako simjui.

Nimekata. Ndani ya mhimili wa kulia bati ni nene, mchomo wake umenyooka kama mshono wa cherehani, na lote limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha oili chafu juu yake. Kazi ya miaka thelathini na sita, na kutu haijapata hata pa kung'ata. Kwenye bati pamekwaruzwa kwa msumari: J. NJUGUNA 9/3/88.

Wewe unajua ni nani huyo. Ndiyo maana ukanituma niingize taa.

Baba yangu hakufunga bati bila kuandika jina na tarehe kwa ndani. Alisema ni ili fundi atakayekuja ajue wa kumtukana. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka sita. Ninakumbuka tumeondoka Kisumu asubuhi moja na sufuria zikiwa bado na maji ya chai, na karakana yake imebomolewa hata mlango haupo. Tulirudi Murang'a. Hakuwahi kumtaja mteja. Mama alisema tu "mwalimu mmoja." Siku za mwisho wodini, baba alirudia maneno yale yale akitazama ukuta: "Sema upande gani. Sema upande gani." Tulidhani ni homa.

Sasa naletewa gari lenye jina lake upande mmoja, na upande mwingine nimekatazwa.

Unataka nini kwangu?

Wamaitha

•

Pap Onditi,
22 Juni 2024

Fundi Wamaitha,

Ndiyo, nilijua. Nilipoambiwa kuna kibao cha Njuguna Mamboleo, nilimtuma Agneta tena akatazame ni Njuguna gani.

Baba yako alilifanyia kazi gari hili Machi 1988. Jumamosi ya wiki ile ile lilikunjika katika mteremko wa Kisian, mlango ukafunguka, na mke wangu Rosa akaanguka barabarani. Hakufika hospitali. Watu walisema ni mchomo wa fundi uliokatika.

Nawe umeuona mchomo. Basi umeuona. Endelea na sakafu. Kushoto ngoja.

Z. Okello

•

Mamboleo,
1 Julai 2024

Mwalimu,

Umeandika "watu walisema." Kama mimi ndiye ningekuwa mwalimu, hapo ningepiga mstari mwekundu niulize: watu gani? Nani alisema kwanza?

Sikuhitaji kungoja jibu lako. Jana mwanao alikuja. Mtu mrefu, shati limepigwa pasi, akasimama mbali na gari kana kwamba lina ndui.

"Wewe ndiye madam wa hii gari?"

"Ndiye."

"Unajua iliua mamangu?"

"Nimesikia. Pole."

"Sasa unaitengeneza ya nini? Baba ni mgonjwa, hajui anachofanya. Ikate uuze vyuma. Fundi aliyeichomelea alikuwa mlevi. Mtu wa Murang'a."

"Aliitwa nani?"

"Baba hajawahi kumtaja. Lakini alimnyooshea kidole mazishini, mbele ya umati. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niliona kwa macho yangu."

Halafu akainua macho, akasoma kibao juu ya kichwa changu.

"Njuguna wako wengi," akasema.

"Wengi kabisa," nikamjibu, "lakini mlevi ni mwingine. Baba yangu alikuwa mlokole. Hata sharubati ya zabibu alikuwa anainusa kwanza."

Fabian akacheka, mwanao hakucheka. Aliondoka bila kuaga.

Kwa hiyo aliyesema kwanza ni wewe. Sasa nitakwambia ninachofikiri. Unataka Njuguna wa pili afunge kile ambacho wa kwanza hakufunga. Nipige bati juu, nipake rangi, ufe siri ikiwa imechomelewa, tena kwa mkono wa ukoo wetu.

Jumamosi nafungua kushoto.

Wamaitha

•

Pap Onditi,
3 Julai 2024

Wamaitha,

Usifungue. Nipe wiki moja. Nimeanza barua mara nne na Agneta amewashia jiko zote nne.

Z.O.

•

Mamboleo,
6 Julai 2024

Mwalimu,

Nimefungua.

Kwanza tuliweka jeki mbili na kuchomelea nondo kutoka bawaba hadi kitasa, ili gari lisijikunje tukiwa chini yake. Kisha Fabian akapiga patasi pale sumaku ilipoanguka. Fila ilitoka vipande vipana kama ukoko wa ugali. Nyuma yake hakukuwa na bati. Palikuwa na pengo la urefu wa mkono wangu, kingo zake zimekatwa kwa msumeno, zimenyooka. Fundi ndiye anayekata hivyo. Alikuwa ameondoa bati bovu lote akawa tayari kuweka jipya. Jipya halikuwekwa.

Mahali pake palijazwa karatasi, mbili tatu zimefinyangwa pamoja, zimeshindiliwa kwa nguvu. Fila iliingia ndani yake ikazigandisha, na hicho ndicho kilichoziokoa zisioze. Nimezibandua kwa maji ya moto mezani kwangu kama mtu anayechambua samaki.

Ni insha za wanafunzi, Kidato cha Tatu. "Siku Ambayo Sitaisahau." Zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Kwenye moja pameandikwa pembeni: "Umekwepa swali. Anza tena."

Nikaiweka kando ya barua yangu uliyonirudishia tarehe kumi na mbili. K yako ina mguu mrefu unaopita chini ya mstari, Mwalimu. Zote mbili zina mguu ule ule.

Baba yangu hakuwa na wanafunzi.

Nasubiri.

Wamaitha

•

Pap Onditi,
10 Julai 2024

Wamaitha, mwanangu, ikiwa utaniruhusu neno hilo,

Nitaandika bila kusahihisha.

Jumamosi, 12 Machi 1988, Jacinta, mdogo wake Rosa, alikuwa anaolewa. Nilikuwa nimeahidi kwamba bibi harusi atatoka kanisani mjini hadi nyumbani kwa bwana harusi, ng'ambo ya Kisian, katika Opuk, paa limekunjwa, shela inapepea. Nilikuwa nimeahidi mbele ya watu. Sikuwa mtu wa kurudisha neno. Walimu wa wakati ule tulikuwa hivyo. Tulidhani tukikosea mara moja darasa zima litasimama.

Baba yako alimaliza upande wa kulia Jumatano. Wa kushoto alikata bati bovu, akaniita nione. Akaniambia, "Mwalimu, gari hili halina paa. Linashikwa na hizi mbili tu. Bati nene la kushoto nalipata Jumatatu. Kabla ya hapo usilitoe, litakunjika." Nilimwambia nimeelewa.

Ijumaa mchana alipokwenda kula, nililitoa. Karakana ilikuwa haina ufunguo. Wateja wake walikuwa watu wa kuaminika. Nyumbani nilishindilia kile kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu na mwalimu ni insha. Nikapaka fila niliyoichukua kwenye rafu ya baba yako, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe. Nililitazama nikafurahi. Lilipendeza, Wamaitha. Hakuna mtu angejua.

Jacinta tulimfikisha salama. Ni wakati wa kurudi, Rosa peke yake kando yangu, kushoto. Alikuwa amevua viatu, anaimba. Kwenye mteremko kuna shimo. Nilisikia gari likitoa sauti kama mtu anayekaa kwenye kiti kibovu, mlango wake ukafunguka, na wimbo ukakatika katikati.

Kwenye mazishi, hapa hapa nyumbani, mzee mmoja aliniuliza gari lilikuwaje. Watu walikuwa mamia. Wakwe walikuwa wamekaa mbele, wakinitazama. Nikaona kofia ya baba yako nyuma kabisa. Alikuwa amekuja kutupa pole, peke yake, katika umati usiokuwa na mtu wa kwao hata mmoja. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Mwulizeni yule. Ndiye aliyelichomelea."

Hakukimbia. Alivua kofia. Akasema, "Mwalimu, sema upande gani."

Hakuna aliyeelewa ila mimi. Mtu akamsukuma, kisha mwingine. Mimi nilikaa. Kesho yake vijana walibomoa karakana, na mimi nilikuwa hapa, nasikia wakisimuliana, nakunywa chai.

Homa haikuwa homa, basi. Baba yako alikuwa anasema na mimi.

Gari nililivuta hadi bandani nikafunga kwa kufuli. Sikuliuza kwa sababu mnunuzi angefungua. Nilipojua koo langu halitapona, nilitaka wewe ujue, na nilitaka usijue. Nikakupa gari, nikakukataza upande. Nikakuandikia kwa mkono, nikakusahihishia kwa wino ule ule. Ningependa kujisifu kwamba nilipanga uutambue mwandiko. Sina hakika. Labda mkono ulichoka kabla yangu.

Ombi langu ni moja. Nikifa, isome barua hii kwenye mazishi yangu. Uongo niliusema mazishini, ukweli nao usemwe mazishini. Frankline usimwambie kabla. Acha afike akiwa bado ananipenda.

Zachariah Okello

•

Mamboleo,
14 Julai 2024

Mwalimu,

Barua yako niliisoma nimekaa ndani ya Opuk, kiti cha kushoto. Kisha nikamsomea mama kwa simu, neno kwa neno. Hakulia. Aliuliza, "Amesema kofia aliivua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ndiye huyo."

Ombi lako nalikataa.

Ukiwa ndani ya jeneza hakuna atakayekuuliza swali. Nitasimama mimi, binti wa mtu wa Murang'a, mbele ya umati wako, nimeshika karatasi. Umewahi kuona umati huo unafanya nini na Njuguna anayesimama peke yake. Watasema nimeghushi. Frankline atakuwa wa kwanza, na sitamlaumu. Umekwepa swali. Anza tena.

Nitamaliza kulia, sakafu na nyuma. Kutu imesuguliwa kwa brashi ya waya hadi bati linang'aa, nimepaka dawa, imegeuka nyeusi kama inavyotakiwa. Kushoto naacha wazi. Jumapili, tarehe 28, Fabian na mimi tutalileta Opuk kwako juu ya lori, pengo likiwa wazi, na insha zako kwenye bahasha. Waite watu wale wale waliobaki. Mwite Jacinta. Sema mwenyewe, ukiwa hai, karibu na kaburi la Rosa. Kama sauti haipo, nong'ona.

Usipotaka, funga lango. Nitageuza lori, pengo litabaki kama lilivyo, na sitamwambia mtu yeyote. Utakufa ukijua kwamba niliweza na sikufanya. Sijui ni lipi kati ya hayo litakalokuwa zito kwako.

Wamaitha Njuguna

•

Pap Onditi,
2 Agosti 2024

Kwa Wamaitha,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nimeambiwa ndivyo mlivyokuwa mkiongea.

Baba alifariki jana, alfajiri ya Alhamisi. Ulikuwapo Jumapili, ila ulisimama na Fabian karibu na lori, mbali, na sidhani ulisikia. Nami sikuja kukusalimu. Kwa hiyo nakuandikia kilichosemwa.

Alikuwa amemwandikia Agneta yote asome. Agneta alisoma hadi pale pa insha, akashindwa. Watu wakaanza kunung'unika. Mzee Laban, ambaye ni mmoja wa waliobomoa ile karakana, akainuka akasema kwa hasira, "Japuonj, mwalimu wetu, huyu msichana amesoma nini? Sisi tunajua ni fundi. Wewe ndiye ulituambia!" Baba akaniashiria nisogee. Nikainama, sikio kwenye mdomo wake. Nilidhani ataomba maji.

Akasema, "Kushoto."

Nikamwuliza, "Nini, baba?"

"Waambie. Ni kushoto. Kushoto kulikuwa kwangu."

Nikasimama nikawaambia. Ilibidi niseme mimi, kwa sauti yangu, kila mtu asikie. Mama mdogo Jacinta alitoka kitini akaenda moja kwa moja kwenye lori, akaingiza mkono kwenye lile pengo hadi kwenye kiwiko. Miaka yote hii amekuwa akisema ni harusi yake iliyomuua dada yake. Mzee Laban alikaa chini.

Usidhani nimemsamehe. Sijui hata nimsamehe kipi kwanza. Na wewe sijui nikushukuru au nikuchukie. Kabla ya Juni nilikuwa na baba. Lakini nilimwita baba yako mlevi, na neno hilo nalirudisha.

Mazishi ni tarehe 10. Njoo na mama yako, mkae mbele.

Gari mliloondoka nalo juu ya lori lisikatwe. Funga upande ule.

Frankline Ochieng Okello

•

Mamboleo,
12 Agosti 2024

Kwa Frankline,

Asante kwa viti. Mama alisema chai ya kwenu ina maziwa ya kutosha, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Leo nimefunga. Bati jipya ni nene kama lile la kulia. Nimechoma, nimepiga msasa, nimepaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu na oili kwa ndani, na matundu ya maji nimeyaacha wazi. Kila mvua zikiisha, mtu aingize waya ayazibue. Nimegonga kwa bisibisi toka mwanzo hadi mwisho. Linalia. Nondo tuliondoa mlango ukiwa umefungwa, na gari halikushuka hata unywele.

Fabian aliuliza kama niweke nakala ya barua ya Mwalimu ndani kabla ya kufunga. Nilikataa. Karatasi huvuta maji, na maji ndiyo yaliyotufikisha hapa. Barua ni yako, ipo kwenye bahasha hii pamoja na zile insha.

Kabla ya mchomo wa mwisho nilichukua msumari nikaandika kwenye bati, mahali ambapo fundi mwingine akikata ataona:

KULIA: J. NJUGUNA, 1988.
KUSHOTO: BINTI YAKE, 2024.

Halafu chini yake pakabaki nafasi, nikaandika: ROSA ALIKAA UPANDE HUU.

Njoo ulichukue siku unayopenda. Ukilitoa mara ya kwanza, nipeleke hadi Kisian na kurudi. Nitakaa kushoto.

Wamaitha Njuguna